Mauti katika Anna Karenina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyapata kwa miaka kutoka kwa watu wanaoisoma riwaya hii ya Leo Tolstoy. Wengine bado wako sura za mwanzo, wengine wameimaliza na haijawatoka moyoni. Sikuyajibu yote kwa urefu mmoja kwa sababu uzito wake haulingani. Nimetaja sehemu na sura ili ufungue nakala yako mwenyewe uone. Kitabu kina sehemu nane, na tafsiri kamili hufuata mgawanyo huo huo.

Sijamaliza kusoma. Nikiendelea hapa, utamu utaharibika?

Utajua nani anakufa na anakufaje, hilo siwezi kukuficha. Ila Tolstoy naye hakutaka kutushtua mwishoni. Treni itakayomuua Anna inaanza kunguruma tangu siku anayoingia kitabuni, na anayejua inakokwenda huwa anaona mambo ambayo msomaji mwenye haraka anayaruka. Mimi niliujua mwisho kabla sijasoma ukurasa wa kwanza, na koo lilinikauka vilevile.

Hii si hadithi ya mapenzi? Mauti yanaingiaje?

Ni hadithi ya mapenzi, tena ya ndoa tatu: ya Stiva Oblonsky na Dolly, ambayo tunaikuta imeshapasuka, ya Anna na Karenin, inayovunjika mbele ya macho yetu, na ya Levin na Kitty, inayojengwa pole pole. Lakini hebu hesabu. Mlinzi wa reli anapondwa na treni. Farasi anavunjika mgongo na kupigwa risasi. Anna anajifungua, homa inampanda, anawaaga watu. Vronsky, mpenzi wa Anna, anajipiga bastola kifuani. Nikolai, kaka yake Levin, anakufa kwa kifua kikuu katika hoteli chafu ya mji wa mkoani. Anna anajitupa relini. Na karibu na mwisho kabisa Levin, mtu mwenye afya, mke, mtoto na shamba, anaificha kamba asije akajinyonga nayo.

Ninavyoisoma mimi, mauti humu ni kipimo cha walio hai. Kila mtu anapokufa au kukaribia kufa, pana watu wamesimama kando yake, na Tolstoy anatuonyesha wanafanya nini, hasa mikono yao inafanya nini. Mmoja anatoa pesa, mwingine anashika uso, mwingine anageuza mto. Soma ukiwa na jicho kwenye mikono ya watu. Utaona matukio yaliyo mbali mbali yanaanza kuitikiana.

Yule mlinzi wa reli wa sehemu ya kwanza ana umuhimu gani? Si mtu wa kupita tu?

Ndiye wa kwanza kufa, na hata jina hana. Tuko stesheni ya Moscow, baridi kali (sura ya 18). Vronsky amekuja kumpokea mama yake, Oblonsky amekuja kumpokea dada yake, Anna, na wanawake hao wawili wamesafiri behewa moja kutoka Petersburg. Treni inarudishwa nyuma, na mlinzi, ama kwa ulevi ama kwa kujifunika mno kichwa sababu ya baridi, haisikii. Watu wanakimbia kwenda kuona. Mjane anajitupa juu ya maiti. Inasemekana marehemu ndiye aliyekuwa akiilisha peke yake familia kubwa.

Sasa tazama kila mmoja. Oblonsky amerudi kutoka kuona mwili na machozi yako karibu. Moyo wake ni mlaini kweli, na kama kawaida ya moyo wake, hautakaa hapo muda mrefu. Anna ananong'ona: hakuna linaloweza kufanywa kwa ajili ya mama huyu? Vronsky anamtupia jicho, anatoka, na baadaye mkuu wa stesheni anawafuata mbio kuuliza rubli 200 alizomwachia msaidizi wake ni za nani. Ni za mjane, anasema Vronsky, kana kwamba swali lenyewe halikuhitajika.

Msomaji wa kwetu anaijua rambirambi, na anajua pia kwamba ipo ya kumfariji mfiwa na ipo ya kuonwa na mtu fulani aliyeko msibani. Tolstoy hatuambii hii ilikuwa ipi. Anasubiri sura mbili. Katika sura ya 20 Anna anamsimulia Kitty jinsi Vronsky alivyo mtu mwema, lakini zile rubli 200 hazitaji. Hakupenda kuzikumbuka. Alihisi ndani yake mna kitu kinachomgusa yeye, na kitu hicho hakikupaswa kuwapo. Mapenzi yao yameanza juu ya maiti ya mtu, na Anna analijua hilo kabla yetu.

Wakitoka stesheni, bwana mmoja anapita akisema hicho ni kifo cha kutisha, amekatwa vipande viwili. Mwenzake anajibu kwamba yeye anaona kinyume, ndicho kifo chepesi kuliko vyote, dakika haipiti. Kwenye gari la farasi midomo ya Anna inatetemeka. Kaka yake anamuuliza kulikoni. Anajibu kwamba ni ndege mbaya.

Hapo Kiswahili kinatusaidia. Neno letu ajali lina maana mbili: tukio la bahati mbaya, kama la barabarani, na pia siku ya kufa aliyoandikiwa mtu. Oblonsky anaiona ajali ya kwanza. Anna anaiona ya pili. Kitabu kizima kimekaa katikati ya maana hizo mbili na hakichagui.

Kwa nini ukurasa mwingi hivyo unapewa kifo cha farasi?

Kwa sababu Frou-Frou, farasi wa Vronsky, anakufa kwa kosa dogo la mtu anayempenda.

Mbio za Krasnoe Selo ziko sehemu ya pili, sura ya 25. Wapanda farasi ni 17, na zaidi ya nusu yao wataanguka. Muda mfupi kabla ya mbio Anna amemwambia Vronsky kuwa ana mimba. Anaingia uwanjani na habari hiyo kichwani, na anakimbia vizuri ajabu. Yuko mbele. Limebaki shimo la mwisho lenye maji, dogo, na Frou-Frou analiruka kama ndege. Ila Vronsky, badala ya kwenda na mwendo wa farasi, anakaa kwenye tandiko nukta moja kabla ya wakati wake. Basi. Mgongo wa farasi umevunjika.

Tazama anachofanya. Hajui bado kilichotokea, anamvuta hatamu. Farasi anapapatika kama samaki, anainua miguu ya mbele, anaanguka tena. Vronsky, uso umepauka, taya la chini likimtetemeka, anampiga teke la tumbo na kuvuta tena. Frou-Frou hasogei. Anamtazama bwana wake kwa jicho linalosema.

Lile taya linalotetemeka tumeshaliona. Limo katika sura ya 11 ya sehemu hiyo hiyo, usiku ambao Vronsky na Anna wanalala pamoja kwa mara ya kwanza, na hapo Tolstoy anaandika kuwa Vronsky alijisikia kama muuaji anayetazama mwili aliouondolea uhai. Watu husoma sentensi hiyo wakadhani ni kuhubiri. Mimi nadhani ni kitu kibaya zaidi ya mahubiri: mwandishi anatuambia kwa utulivu kwamba mtu huyu atamuumiza anayempenda, bila kukusudia, kwa kutokwenda na mwendo wake. Vronsky si mtu mwovu. Baada ya kuamuliwa farasi apigwe risasi anaonja kwa mara ya kwanza maishani msiba usiorekebishika ambao mwenye kosa ni yeye.

Mzee wa ndotoni mwenye chuma ni nani?

Ni kijitu kidogo, mkulima wa Kirusi mwenye ndevu zilizovurugika, anayeinama juu ya gunia akitafuta kitu humo kwa mikono huku akisema Kifaransa upesi upesi, kwamba chuma lazima kipigwe, kipondwe, kikandwe. Anna anamsimulia Vronsky ndoto hiyo katika sehemu ya nne, sura ya 3. Kinachomtia Vronsky baridi ni kwamba yeye naye ametoka kuota ndoto inayofanana nayo (sura ya 2). Ndani ya ndoto Anna anamuuliza Korney, mtumishi, maana yake nini, naye anamjibu: utakufa kwa uzazi, mama, kwa uzazi.

Korney alikosea, au alipatia nusu. Uzazi haukumuua. Lakini mzee haachi kurudi. Asubuhi ya siku yake ya mwisho Anna anamwota tena, na jambo linalomtisha ni kwamba mzee hamjali kabisa, yuko kazini tu na chuma chake juu ya Anna. Jioni, dirishani mwa behewa, anapita mfanyakazi mchafu mwenye kofia, ameinama kwenye magurudumu. Na katika sentensi za mwisho kabisa za uhai wake kijitu kile kipo, kinanong'ona kikifanya kazi juu ya chuma.

Nimesoma maelezo mengi kuhusu mzee huyu: ni dhamiri, ni Urusi ya wakulima, ni mashine, ni shetani. Sitaki kuchagua moja. Ninachoweza kusema ni kwamba mikono yake haijali. Mikono yote mingine humu, hata ya Vronsky, inataka kitu. Ya huyu inafanya kazi tu. Kwa Anna hiyo ndiyo sura ya mauti.

Kwa nini Anna "anakufa" halafu anapona?

Nadhani ni kwa sababu Tolstoy alitaka kutuonyesha kifo ambacho kingemsafisha kila mtu, kisha akatunyima.

Sura ya 17 ya sehemu ya nne: mtoto wa kike amezaliwa, Anna ana homa ya uzazi, madaktari hawana tumaini. Karenin amerudi Petersburg akitarajia kwa siri kukuta amekufa. Aliposikia kwamba amejifungua salama ndipo alipogundua jinsi alivyokuwa akiutaka msiba. Kisha anaingia chumbani, mkewe anamwomba msamaha, na moyo wake unafunguka asivyotegemea. Vronsky kando ya kitanda amefunika uso kwa viganja. Anna anamwambia mumewe amfunue uso huyo, ampe mkono. Karenin anaishika mikono ya Vronsky na kuiondoa usoni. Anampa mkono huku akilia.

Ingekuwa riwaya ya kawaida ya zama zile, Anna angekata roho hapo hapo, na wasomaji wote wangelala vizuri. Lakini anapona. Msamaha uliotolewa mbele ya mauti sasa lazima uishi na Jumatatu, na madeni, na wageni. Hauwezi. Vronsky, aliyeaibishwa na ukubwa wa yule aliyemdharau, anarudi nyumbani na kujipiga bastola, akakosa moyo kidogo. Naye anapona. Watu wawili wamerudishwa kutoka mlangoni, na wanachofanya ni kwenda zao Italia.

Ni kweli kuna sura moja tu yenye jina?

Kweli. Sura zote zina namba tu isipokuwa ya 20 ya sehemu ya tano, ambayo juu yake pameandikwa neno moja: Mauti. Na mauti yenyewe si ya Anna. Ni ya Nikolai Levin, mlevi aliyepoteza mali yake, anayeishi na Marya Nikolaevna, mwanamke aliyemtoa danguroni.

Ukiwa na muda wa kusoma kipande kimoja tu cha kitabu hiki, soma sura ya 16 hadi ya 20. Aliyewahi kuuguza mtu wodini au nyumbani atatambua kila kitu. Levin hataki mkewe aje, anaona hapafai; Kitty anang'ang'ania, wanagombana, anakuja. Chumba kinanuka. Levin anasimama, hajui atazame wapi, na hawezi hata kuufikiria ule mwili ulio chini ya blanketi, miguu imekaaje, mgongo unauma wapi. Kwake ni mauti tupu. Kitty anaingia, anaushika mkono wa mgonjwa, na papo hapo anaanza kazi. Daktari aitwe. Dawa ziletwe. Chumba kifagiliwe na kufutwa. Shuka, foronya, mashati vinatoka kwenye mizigo yao wenyewe. Mgonjwa anaogeshwa, anachanwa nywele, analazwa juu ya mito iliyopandishwa, katika shati safi lenye kola nyeupe kwenye shingo iliyokonda. Harufu mbaya inaondolewa kwa siki iliyochanganywa na manukato.

Kuna mahali shati linabadilishwa na mkono mrefu uliokonda haupiti kwenye shati. Marya Nikolaevna na mtumishi wanahangaika nao. Kitty anakuja haraka, akiwa ameelekeza macho pembeni ili asimvunjie mgonjwa heshima. Halafu Nikolai anaomba ageuzwe ubavu. Kitty anageuza mto na kuupiga piga, Levin anauinua mwili wa kaka yake, anashangaa mifupa ile ilivyo mizito. Akiwa bado anamkumbatia, Nikolai anauvuta mkono wa Levin, anaupeleka mdomoni na kuubusu. Levin anatikisika kwa kilio, anatoka nje bila kuweza kusema.

Sijui ukurasa mwingine unaosema zaidi kwa kushika mto.

Tolstoy hapambi. Padre anakuja, mgonjwa anapewa sakramenti na mpako, anasali kwa macho makubwa yenye tumaini, anapata nafuu ya nusu saa, anakohoa tena, na baadaye anaukandamiza mkononi ule mchupa wa ayodini aliokuwa akinusa na kumwambia Levin kwamba mambo yale ya kanisa aliyafanya kwa ajili ya Kitty, kwa vile ni mwema mno. Siku zinapita. Sakarati haiishi. Na hapo linakuja jambo ambalo waliouguza hulijua na hawalisemi: wote chumbani walitamani afe upesi, na wote walilificha hilo, wakaendelea kumpa dawa kutoka chupani na kuwaita madaktari. Marya Nikolaevna anagundua kuwa amefika mwisho kwa dalili moja tu. Ameanza kujipapasa na kuvuta vuta nguo zake.

Mwishowe padre anaweka msalaba kwenye paji la uso lililopoa na kusema amekwisha. Masharubu yanasogea. Sauti kali, ya wazi, inatoka kifuani: bado kidogo. Kisha: karibu.

Sura inaishia mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Kitty alikuwa akiumwa siku zile. Daktari anaeleza kwamba ugonjwa wake ni mimba.

Kitty anajua nini ambacho Levin, msomi, hakijui?

Levin mwenyewe anajiuliza hilo katika sura ya 19. Anajijua ana akili kuliko mkewe na kuliko Agafya Mikhailovna, mtunza nyumba wake mzee. Amesoma wanafalsafa. Na bado wanawake hao wawili wanajua mauti ni nini. Ushahidi wake ni huu: hawana hata sekunde moja ya kusitasita juu ya nini kifanywe, na hawaogopi wanaokufa. Yeye anaweza kusema mengi juu ya mauti, ila akiachwa peke yake na kaka yake atakaa amemkodolea macho, akingojea.

Ninaomba tusiligeuze hili kuwa sifa rahisi kwa wanawake, kana kwamba wamezaliwa wauguzi. Kitty alijifunza. Ile safari ya Ujerumani ya sehemu ya pili, baada ya Vronsky, ambaye Kitty alitarajia amchumbie, kumwacha na kumfuata Anna, ilimkutanisha na Varenka aliyekuwa akihudumia wagonjwa kwenye kituo cha maji ya tiba, naye akaanza kumwiga. Hapo alikosea mengi, alijifanya mtakatifu, akajishtukia. Lakini mikono ilikuwa imeshajifunza.

Je, Anna aliadhibiwa? Yale maneno ya mwanzo wa kitabu yanasema hivyo.

Maneno hayo ni ya Warumi 12:19, "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa," na wasomaji wamebishana juu yake tangu kitabu kilipotoka. Wako wanaosema Mungu kamlipa mzinzi. Nawauliza: mbona Oblonsky, mzinzi tangu ukurasa wa kwanza, anazidi kunawiri? Mbona Betsy Tverskaya, bibi wa jamii ya juu ya Petersburg na mzinzi naye, anaendelea na karamu zake? Mimi nayasoma kama onyo kwa wanadamu: kisasi hakikuwa chenu, ninyi mabibi mliomgeuzia Anna mgongo kule opera.

Na kuna jambo chungu zaidi. Anayeshika kisasi mkononi siku ile ni Anna mwenyewe. Wazo lake, katika sehemu ya saba, ni kwamba akifa Vronsky atajuta na kumpenda upya. Atashinda. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho anamimina afyuni, dawa yake ya kila usiku, na kuwaza ingekuwa rahisi kunywa chupa nzima. Analala akitazama mshumaa mmoja uliokaribia kuisha. Kivuli kinacheza darini, kinaruka, kinafunika kila kitu. Mshumaa umezimika. Anashikwa na woga mkubwa, anatafuta kiberiti kwa mikono inayotetemeka, anawasha mwingine. Hapana, chochote, bora kuishi! Anampenda, naye anampenda.

Mwanamke huyu hataki kufa. Kesho yake, katika stesheni ndogo ya Obiralovka, anamkumbuka yule mlinzi aliyepondwa siku alipokutana na Vronsky na sasa anajua la kufanya. Behewa la kwanza linampita kwa sababu mkoba mwekundu umekwama mkononi alipokuwa akiuvua. Mkoba ule tunaujua, alikuwa nao kwenye treni ya sehemu ya kwanza akirudi Petersburg. Anapiga ishara ya msalaba, na mwendo ule wa mkono, uliozoeleka tangu utotoni, unamrudishia kwa nukta moja maisha yote na furaha zake. Anaanguka kwa mikono na magoti, kama anayetaka kuinuka hapo hapo. Na anataka kuinuka. Yuko wapi? Anafanya nini? Kwa nini? Kitu kikubwa kisicho na huruma kimeshamgonga kichwani. Anaomba: Bwana, nisamehe yote. Mshumaa ambao kwa mwanga wake alisomea kitabu kilichojaa wasiwasi, udanganyifu, huzuni na uovu unawaka kuliko wakati wowote, unapepesa, unazimika.

Ombi la kusamehewa linamwendea yule yule aliyesema kisasi ni chake. Anayetaka hukumu kutoka kwenye riwaya hii aanzie hapo.

Kwa nini kitabu hakiishii hapo?

Hata wakati ule liliudhi. Riwaya ilikuwa ikitoka kwa mafungu katika jarida la Russky Vestnik kuanzia 1875. Mhariri Mikhail Katkov alikataa kuchapa sehemu ya nane mwaka 1877 kwa sababu hakukubaliana na jinsi Tolstoy alivyowaeleza Warusi waliojitolea kwenda kupigana Serbia. Tolstoy akaichapa kivyake.

Vronsky yumo kati ya waliojitolea. Yuko stesheni tena, jino linamuuma, anatazama magurudumu yakija taratibu kwenye reli. Ghafla jino linasahaulika: amemkumbuka Anna kama alivyomwona kwenye meza ya kibanda cha stesheni, kati ya watu wasiomjua. Kwaheri yake kwetu ni hiyo.

Levin yeye ana kila kitu na anaficha kamba. Anaogopa kutoka na bunduki. Swali alilopewa na Nikolai, kwamba kila kitu kinaishia kaburini, halijamwacha hata baada ya mtoto wake Mitya kuzaliwa. Jibu linamjia kazini, wakati wa kupura nafaka, kutoka kwa mkulima Fyodor anayemtajia mzee mmoja wa kijijini aishiye kwa ajili ya roho na kumkumbuka Mungu. Wasomaji wengi huliona jibu jepesi. Mimi nililiona hivyo nikiwa kijana. Sasa naona kwamba Levin hakupewa hoja. Alipewa ruhusa ya kurudi kazini.

Kulikuwa na Anna wa kweli?

Kulikuwa na Anna Pirogova, aliyeishi na jirani yake Tolstoy, mwenye shamba aitwaye Bibikov. Alipoachwa kwa ajili ya mwingine alijitupa chini ya treni ya mizigo katika stesheni ya Yasenki, Januari 1872. Tolstoy alikwenda kuuona mwili ukipasuliwa. Machi 1873 akaanza kuandika. Tabia ya Anna Karenina na maisha yake ni vya kubuni, lakini ile meza ya stesheni hakuibuni.

Na misiba ya Tolstoy mwenyewe imeingia kitabuni?

Imeingia sana. Mama yake alifariki yeye hajatimiza miaka miwili, baba mwaka 1837. Kaka yake Dmitri alikufa kwa kifua kikuu 1856 akiuguzwa na Masha, mwanamke aliyemtoa danguroni. Huyo ndiye Nikolai wa riwaya kwa sehemu kubwa. Jina la Nikolai ni la kaka mwingine, aliyekufa kwa ugonjwa huo huo huko Hyères, Ufaransa, mwaka 1860, Tolstoy akiwa naye. Na kati ya 1873 na 1875, akiandika kitabu hiki, nyumba yake ya shambani, Yasnaya Polyana, ilizika watoto watatu wachanga na mashangazi wawili. Ile kamba pia ni yake. Aliieleza waziwazi baadaye katika kitabu chake Ungamo.

Nimefiwa karibuni, au nina mgonjwa nyumbani. Nisome sasa au ningoje?

Swali hili naliheshimu kuliko yote. Kama wewe mwenyewe unawaza kujiua, weka kitabu chini leo, hasa mwisho wa sehemu ya saba, na umwambie mtu aliye karibu nawe, ndugu, rafiki, daktari, yeyote. Ungoje. Tolstoy hana haraka.

Kama una mgonjwa, soma sehemu ya tano peke yake, sura mbili mbili, pembeni ya kitanda. Mimi niliisoma hivyo. Sikupata faraja ya maneno, ila niliinuka nikaenda kubadilisha foronya, kisha nikauliza kama mto uko sawa.